Ndani ya Mtutu wa Bunduki

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Songea

(Mwalimu wa darasa: kabla ya somo kuanza, weka mezani pia moja ya kuchezea na kamba yake, kipande cha mwanzi chenye tundu pana kisicho na fundo ndani, na kokoto moja ndogo ya mviringo.)

Ninyi mlio Songea mjini, na ninyi mlio Peramiho, Namtumbo, Mbinga na Tunduru, ketini karibu na redio. Taa iwe mahali pa kuonea, na karatasi ya somo iwe wazi mbele yako. Nitasema polepole. Neno litakalokupita leo utalikuta katika karatasi hii, nawe utalisoma tena nyumbani kwa nafasi yako.

Somo la leo limetokana na swali. Mzee mmoja wa darasa la jioni alisimama akasema hivi: "Mwalimu, mimi nina neno. Nyumbani kwetu babu aliacha gobore. Ni mtutu wa chuma, linakula baruti, linatema risasi. Bunduki ya askari wa Mdachi nayo ilikuwa mtutu wa chuma, na baruti, na risasi. Mbona ile iliwafikia babu zetu kutoka mbali, na hili letu halimpati hata nguruwe aliye pembeni mwa shamba? Je, ile yao ilikuwa na dawa?"

Kisha akaongeza: "Tena kuna mtu ameniambia nilisugue ndani kwa msasa mpaka ling'ae, ndipo litapiga sawasawa. Je, ni kweli?"

Watu wengine darasani walicheka. Mzee hakucheka. Nasi leo hatutacheka, maana maswali yake yote mawili ni maswali ya mtu anayefikiri. Jibu lake halimo katika kitako cha bunduki, wala katika ukubwa wa mlio. Limo mahali ambapo jicho halifiki upesi, yaani ndani ya mtutu. Basi na tuingie humo.

1. GOBORE NA RISASI YAKE

Gobore ni bunduki inayojazwa kwa mdomoni. Baruti humiminwa kwanza, kisha risasi hufuata, kisha mtu huchukua fimbo nyembamba iitwayo mdeki akashindilia. Magobore ya zamani sana yaliwashwa kwa jiwe la gumegume: jiwe lilipiga chuma, cheche ikaruka, baruti ikashika moto. Baadaye zikaja bunduki za fataki.

Kumbukeni neno risasi lina maana mbili. Ni kile kinachotoka katika bunduki, na tena ni jina la madini yenyewe, yale mazito na laini ambayo huyeyuka upesi motoni. Madini yamekipa kitu jina lake. Tutalihitaji jambo hili mbele.

Sasa, baruti ya zamani, ile nyeusi, ina tabia mbaya. Huacha masizi mengi. Mtu akipiga mara tatu au nne, masizi huganda ndani ya mtutu kama ukoko ndani ya sufuria. Kama risasi ililingana kabisa na tundu, haitaingia tena. Mpigaji atashindilia mpaka atoke jasho, na adui au mnyama hamngoji. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani waliifanya risasi iwe ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu, ili ipite upesi.

Hapo ndipo hasara ilipoingia. Mwalimu wa darasa, chukua mwanzi. Tia kokoto upande mmoja, uinamishe mwanzi, na wanafunzi wasikilize.

Mmesikia? Ka, ka, ka. Kokoto halikushuka moja kwa moja. Liligonga ukuta wa huku, likagonga ukuta wa kule, ndipo likatoka. Tia tena mara nyingine, nanyi mtazame linakoangukia. Mara huanguka kulia, mara kushoto. Hufuata upande wa mgongano wa mwisho.

Risasi ya gobore hufanya vivyo hivyo. Inagonga huku na huku ndani ya mtutu, na inapotoka imekwisha kupata mwelekeo usio wa mpigaji. Mtu aliye na jicho zuri na mkono usiotetemeka atalenga sawasawa, lakini risasi itakwenda kwingine. Kwa hatua 50 anaweza kupata shabaha. Kwa hatua 100, akimpata mtu mmoja aliyesimama peke yake, hiyo ni bahati. Kosa si la jicho lake. Kosa ni la njia ambayo risasi imepitishwa.

2. MIFEREJI

Sasa tuitazame bunduki nyingine, ile iitwayo raifoli. Ukiutazama mtutu wake kwa nje, huoni tofauti kubwa. Ukichungulia ndani, bunduki ikiwa tupu na mtambo wake umefunguliwa, utaona mifereji. Si mifereji iliyonyooka kama ya shamba la umwagiliaji. Inazunguka taratibu kutoka nyuma hadi mbele, kama mmea wa kiazi kikuu unavyojizungusha katika mti ukipanda juu. Kina cha mfereji hakifiki hata nusu ya milimita. Ukucha wako ni mnene kuliko kina hicho, au unalingana nacho.

Risasi ya bunduki hii hailegei ndani ya mtutu. Hukazwa. Inaposukumwa na moto wa baruti, ule ulaini wake huifanya iume mifereji, na kwa kuwa mifereji inazunguka, risasi nayo hulazimika kuzunguka. Hutoka mdomoni ikizunguka kwa kasi kubwa sana.

Kuzunguka kunafaa nini? Mwalimu, chukua pia. Kwanza isimamishe mezani kwa ncha yake bila kuizungusha. Imeanguka, sivyo? Sasa ifunge kamba, uirushe. Tazameni: imesimama wima. Ukiigusa kidogo, hutikisika kisha husimama tena. Itaanguka itakapochoka kuzunguka. Kila mtoto wa Songea anajua mchezo huu, lakini si kila mtu aliyejua kwamba mchezo huu ndio siri ya raifoli. Kitu kinachozunguka upesi hushika mwelekeo wake. Risasi iliyozungushwa haipepesuki njiani. Inakwenda kule ilikoelekezwa.

Mifereji hii si kazi ya juzi. Mafundi wa Ujerumani na nchi za jirani walianza kuikata miaka 500 hivi iliyopita. Lakini kwa muda mrefu bunduki za namna hiyo zilikuwa chache, za wawindaji na matajiri, kwa kuwa zilikuwa ghali na zilichelewa kujazwa. Mwaka 1747 Mwingereza mmoja, Benjamin Robins, mtu wa hesabu, aliwasomea wataalamu wa London maelezo yake juu ya mitutu ya mifereji. Alionya kwamba taifa litakaloelewa vema kazi ya mifereji hii, na kuwapa askari wake bunduki hizo, litapata nguvu kubwa juu ya mataifa mengine. Likumbukeni onyo hili. Tutalirudia.

3. KAZI YA KULAINISHA

Sasa twende kiwandani. Mtutu huanza kama mti wa chuma cha pua, mzima, usio na tundu. Hutobolewa kwa keekee ndefu toka mwisho hadi mwisho. Kisha tundu hupanuliwa kidogo kidogo mpaka lifikie kipimo. Kisha chombo chenye meno hupitishwa ndani kukata mifereji.

Lakini kila chombo cha kukata huacha alama. Mmeona ubao uliopasuliwa kwa msumeno: haujawa laini mpaka upigwe randa. Ndani ya mtutu pia hubaki mikwaruzo midogo, na mahali pengine tundu huwa limebana kidogo kuliko pengine. Jicho huenda lisione. Risasi huona. Inapopita kwenye mikwaruzo huparuzwa, vumbi lake la madini hubaki limeng'ang'ania humo, na risasi ya pili hukuta njia ambayo si ile ya kwanza. Ya tatu hukuta njia nyingine tena. Mpigaji hulenga mahali pamoja, na risasi zake hutawanyika.

Fikirini juu ya mtu anayepanda baiskeli kwenye barabara ya udongo baada ya mvua, yenye matuta na makorongo. Anashika usukani sawasawa, lakini gurudumu linarushwa huku na huku. Mwendeshe mtu huyohuyo kwenye barabara ya lami, naye atakwenda kama uzi.

Kwa hiyo katika kazi nzuri mtutu hulainishwa ndani baada ya kukatwa mifereji. Njia ya zamani, nayo ingali inatumika kwa mitutu ya thamani, ni hii. Fundi hutia ufito wa chuma ndani ya mtutu, kisha huyeyusha risasi, yale madini, na kuyamimina yazunguke ncha ya ufito. Yakipoa, huwa yamechukua umbo la ndani ya mtutu kabisa, pamoja na mifereji yake. Fundi huyapaka mafuta na unga mkali wa kusugulia, ulio laini kama unga wa muhogo. Kisha huvuta na kusukuma, huvuta na kusukuma. Kipande kile hufuata mifereji kikizunguka pamoja nayo, na unga unakula mikwaruzo pole pole.

Fundi hodari hatumii jicho sana katika kazi hii. Hutumia kiganja. Anaposukuma ufito, mkono wake husikia mahali palipobana na mahali palipolegea. Palipobana hupasugua zaidi. Lengo lake ni mtutu ulio sawa kutoka nyuma hadi mbele. Kung'aa kunakuja baadaye kama nyongeza.

Andikeni hili katika daftari zenu: mtutu mzuri ni ule ulio sawa, si ule unaong'aa tu. Tena kuna mpaka. Ukisugua kupita kiasi, kingo za mifereji huliwa, tundu hupanuka, na mdomo wa mtutu huharibika. Mdomo ndio mahali pa mwisho ambapo risasi huguswa na chuma. Ukiliwa upande mmoja tu, moto wa baruti hutokea upande huo kwanza na kuisukuma risasi kando. Chuma kilichoondolewa hakirudi. Ndiyo maana kazi hii ni ya fundi mwenye kibali, mwenye vipimo, na mwenye subira.

4. SHERIA ILIYOCHUNGULIA NDANI YA MTUTU

Sasa turudi kwenye onyo la Benjamin Robins. Mataifa yalilisikia. Baada ya mwaka 1850 majeshi ya Ulaya yaliacha upesi mitutu isiyo na mifereji. Huko Ujerumani, ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, walitengeneza bunduki iliyochukuliwa na jeshi mwaka 1871. Tundu lake lilikuwa la milimita 11 hivi, lenye mifereji minne, nayo ilijazwa kwa nyuma, risasi moja kila mara. Bunduki hizo ndizo zilizokuja mikononi mwa askari wa Wajerumani katika nchi yetu.

Na magobore yaliyotupwa na majeshi ya Ulaya yalikwenda wapi? Mengi yaliuzwa. Yalikuja Afrika kwa majahazi na meli, yakapita Unguja na Kilwa, yakabadilishwa kwa pembe za ndovu na, ni aibu kusema, kwa watu. Bunduki zilizidisha biashara ya utumwa. Hilo ni kweli, nasi tusilifiche.

Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya na nchi nyingine, Zanzibar ikiwamo, walitia saini mapatano katika mji wa Brussels, Ubelgiji. Walisema wanataka kuukomesha utumwa. Ndani ya mapatano hayo waliandika juu ya silaha. Walipiga marufuku kuingiza bunduki, hasa raifoli na silaha za kisasa, katika nchi za Afrika zilizo kati ya mstari wa 20 kaskazini na mstari wa 22 kusini. Songea iko kusini ya ikweta kwa digrii 10 na kitu. Imo ndani ya eneo hilo.

Lakini tazameni walivyoandika. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kutolewa ghalani na kuuzwa kwa ruhusa ya serikali. Na majeshi ya serikali zenyewe hayakuguswa na marufuku ile.

Soma tena sentensi hizo pole pole. Sheria ile haikuishia kwenye neno bunduki. Iliingia mpaka ndani ya mtutu. Mwafrika angeweza kuuziwa mtutu usio na mifereji. Mtutu wenye mifereji ulibaki kwa serikali na kwa wale serikali iliowaamini. Ile nusu milimita ya chuma, ambayo mzee wetu hakuambiwa habari zake, ilikuwa imekwisha kuandikwa katika karatasi za wafalme miaka 15 kabla ya vita vya Maji Maji.

5. SONGEA, 1905 NA 1906

Wajerumani walijenga boma hapa Songea mwaka 1897. Wangoni waliowakuta walikuwa watu wa vita. Baba zao walitoka kusini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Silaha zao zilikuwa mkuki mfupi wa kuchomea karibu na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Vita vyao vilikuwa vya kukaribiana, kifua kwa kifua. Magobore yalikuwako, lakini machache.

Mwezi wa Julai 1905 vita vilianza huko Umatumbi. Watu walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi, na kiboko. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya dawa, akawaambia risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Wajerumani walimnyonga mwanzoni mwa mwezi wa Agosti, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusafiri.

Maji yale yalifanya kazi moja kubwa ambayo hakuna awezaye kuikana. Yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hapo awali hawakuwa na shauri moja. Kazi ambayo hayakuweza kuifanya ni kuigeuza njia ya risasi.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge. Ndani mlikuwa na askari wenye raifoli, na bunduki mbili za kupiga mfululizo, zile ambazo wazee waliziita bombomu. Bombomu nayo ina mtutu wa mifereji, ila hupiga risasi mamia kwa dakika moja. Watu walikuja kwa ujasiri wakiwa wamesimama wima, kwa kuwa waliamini. Wengi sana walikufa kabla ya kufika mahali ambapo mkuki unaweza kumfikia mtu.

Tarehe 21 Oktoba 1905 Wajerumani waliishambulia kambi ya Wangoni asubuhi, watu wakiwa ndio kwanza wameamka. Bombomu zilitumika tena. Habari zinasema watu walitupa vibuyu vya dawa wakapiga kelele kwamba maji ni uongo. Baada ya hapo Wangoni waliacha kupigana kwa makundi makubwa, wakapigana kwa kuvizia.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa hapa Songea, Nkosi Mputa Gama akiwa mmoja wao. Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo jina la mji huu, naye alinyongwa mwaka huo. Kaburi la wale walionyongwa pamoja mnalijua. Liko katika Makumbusho ya Maji Maji, na kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika hapo. Wajerumani walichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea akasimama mbele ya wajukuu wa watu hao, akaomba radhi.

Sasa, mzee wetu, umeuliza kama ile bunduki yao ilikuwa na dawa. Haikuwa na dawa. Ilikuwa na mtutu uliotobolewa kwa kipimo, ukakatwa mifereji, ukalainishwa, na nyuma yake kulikuwa na kiwanda, meli na karatasi ya sheria. Babu zako hawakukosa ujasiri wala shabaha. Walikwenda vitani bila kuambiwa jambo ambalo adui alilijua kwa miaka mingi, tena alilikuwa amelipigia marufuku lisiwafikie. Mtu akifichwa jambo, hulitafutia maelezo kwa kile alicho nacho. Watu wale walikuwa na maji.

6. JIBU LA SWALI LA PILI

Limebaki swali la msasa. Je, gobore la babu likisuguliwa ndani likang'aa, litapiga sawasawa?

La. Sababu ni nne, nanyi mzihesabu kwa vidole.

Sababu ya kwanza: gobore halina mifereji. Hata ulilainishe kama kioo, risasi haitazunguka. Kulainisha husaidia njia iliyo nzuri. Hakuiumbi njia ambayo haipo.

Sababu ya pili: ukisugua, tundu linapanuka. Risasi ambayo tayari ilikuwa imelegea italegea zaidi. Kokoto ndani ya mwanzi, mmelisikia. Chukueni mwanzi mpana zaidi, mtasikia kelele zaidi.

Sababu ya tatu ni ya hatari. Mtutu wa zamani umekwisha kuliwa na kutu, na kutu haili sawasawa. Hula shimo hapa na shimo pale. Ukisugua unazidi kuupunguza unene. Baruti haina huruma na chuma chembamba. Mtutu ukipasuka, hupasuka karibu na uso na mkono wa kushoto wa mpigaji. Na yale magobore yanayoundwa vichochoroni kwa mabomba ni mabaya zaidi, maana bomba halikufanywa kuvumilia nguvu za baruti. Msiyaguse.

Sababu ya nne ni sheria. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mtu haruhusiwi kuwa na silaha bila leseni, wala kuiunda au kuitengeneza bila kibali. Gobore la urithi lisilo na karatasi lisifichwe darini. Usilitie baruti, wala usilichokoe kuona kama limejaa. Ukienda polisi, nenda kwanza wewe mwenyewe bila gobore, pamoja na mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mkaeleze lilivyo, nao watakuambia lipelekwe vipi.

Na ninyi mlio na bunduki kwa leseni, na ninyi askari wa wanyamapori, neno lenu ni fupi. Silaha yako ikitoka kiwandani, kazi ya kulainisha imekwisha kufanywa na mwenye vipimo. Kazi yako ni kuilinda. Hakikisha kwanza kwamba ni tupu. Safisha mtutu kutoka nyuma kuelekea mbele ikiwezekana, ili ufito usiule mdomo. Futa masizi, futa unyevu, paka mafuta kidogo. Mvua zetu za Songea ni ndefu, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili, na kutu haingoji mvua ziishe. Ukiona risasi zinatawanyika, usikimbilie msasa. Safisha kwanza. Mara nyingi ni uchafu tu.

Na nguruwe wa mzee? Habari za wanyama waharibifu zipelekwe kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya. Ni njia ndefu, najua, na mahindi hayangoji. Lakini mkono uliokatwa na mtutu uliopasuka hautalima msimu ujao wala msimu mwingine.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mtutu: bomba la bunduki ambamo risasi hupita.
Mdeki: fimbo ya kushindilia baruti na risasi ndani ya gobore.
Gumegume: jiwe gumu la kutoa cheche.
Shabaha: kitu kinacholengwa, pia uhodari wa kulenga.
Mifereji: njia zilizochimbwa ndani ya mtutu wa raifoli.
Bombomu: bunduki ya kupiga mfululizo.
Masizi: uchafu mweusi unaoachwa na moto.

MASWALI

1. Kwa nini risasi ya gobore ilifanywa ndogo kuliko tundu la mtutu? Hasara yake ilikuwa nini?
2. Pia ya kuchezea inatufundisha nini juu ya risasi ya raifoli?
3. Fundi hujuaje mahali mtutu ulipobana?
4. Mapatano ya mwaka 1890 yaliruhusu Mwafrika auziwe bunduki ya namna gani? Yalizuia namna gani? Eleza kwa maneno yako kwa nini.
5. Taja sababu mbili za kutokusugua gobore kwa msasa.
6. Kazi ya kuandika: mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu alisikia nini kwa wazazi wake juu ya vita vya Maji Maji. Andika sentensi tano. Ulete daftari darasani wiki ijayo, nasi tutasomeana.

Mwisho wa somo la leo. Mwalimu wa darasa, tafadhali kusanya daftari, na pia umrudishie mtoto mwenyewe. Mzee uliyeuliza swali, ahsante sana. Leta jingine. Kwaherini, wanafunzi wetu, tuonane wiki ijayo saa hii hii.